Sahani Moja ya Babu na Mjukuu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, ambaye nilimfundisha mwenyewe kidato cha pili na leo ndiye ananiaga, walimu wenzangu, viongozi wetu wa dini, ndugu wazazi wa Nangara, Nakwa na Bonga, pamoja na ninyi mliotoka Dareda kwa basi la asubuhi, wahitimu wetu wa kidato cha nne, na nani tena? Najua kuna mtu nimemruka. Karatasi hizi nilizipanga vizuri nyumbani, zikanianguka pale getini, na sasa naona ukurasa wa tano ndio umekaa juu. Huo wa tano sikutaka uwe wa kwanza. Kwa kweli sikuwa na hakika kama nitausoma kabisa. Mniwie radhi, nitakwenda nazo hivyo hivyo.

Shikamooni wakubwa zangu. Tumsifu Yesu Kristo. Asalamu aleikum. Wadogo zangu nawasalimu pia, ingawa ninyi wa mstari wa nyuma mnazungumza na ninawaona.

Kabla ya yote, kuna jambo linalonichanganya, nalo ni dogo. Barua yangu ya kwanza ya kazi, mwaka sabini na tatu, ilisema nimepangiwa Babati, mkoa wa Arusha. Barua ya kustaafu niliyoletewa mwezi uliopita inanishukuru kwa utumishi wangu mkoa wa Manyara. Sijahama nyumba, sijahama mji, hata msumari ninaotundikia koti langu kule ofisini ni uleule. Mkoa ndio umenihama mimi. Sasa nikiulizwa nimefanya kazi wapi miaka thelathini na mitatu, niseme nini? Mume wangu, Mzee Aniceti, yule pale mbele mwenye fimbo, aliniambia nijibu kwamba nimefanya kazi ubaoni, na nadhani alisema vizuri.

Mkuu wa Shule aliponiita kuniambia kwamba leo nitapewa nafasi ya kusema, nilitegemea dakika tano za kushukuru na kukaa. Akasema hapana, mwalimu wa baiolojia haagwi bila somo, na somo akalichagua yeye: mafuta katika chakula, muundo wake na kazi zake mwilini. Nikamwomba anipe lingine. Nikamtajia moyo, nikamtajia figo, nikamtajia hata minyoo. Akakataa. Sababu yake ni kile kikao cha wazazi cha mwezi wa saba, na wengi wenu mlikuwepo, pale mama mmoja aliposimama na mtoto mgongoni akatuuliza swali. Alisema kliniki wamemwambia atie mafuta kwenye uji wa mtoto. Hospitali wamemwambia mume wake mafuta marufuku. Redioni amesikia kwamba mafuta ya maji ni mazuri na ya mgando ni mabaya. Mama mkwe wake naye anasema mzazi asiyekula samli hapati maziwa. Basi tule au tusile?

Kikao kizima kilicheka. Mimi sikucheka, na aliyekaa karibu yangu siku ile atakumbuka kwamba nilitoka nje. Nilisema naenda kunywa maji. Sikwenda kunywa maji.

Haya, tuanze na muundo, maana huo hauna aibu. Wazazi, msiogope, hawa watoto wenu nao waliogopa, na wameukariri wote. Chukueni chanuo, lakini liwe na meno matatu tu. Ule mgongo wa chanuo, pale mnaposhika, unaitwa gliseroli. Kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo mrefu wa kaboni uliobeba haidrojeni huku na huku. Jino likibeba haidrojeni yote linayoweza kubeba, linanyooka. Na meno yaliyonyooka yanalala pamoja kama kuni zilizopasuliwa vizuri, yanabanana, ndiyo maana samli na mafuta ya mkia wa kondoo, asubuhi ya mwezi wa saba hapa Babati, hayatoki koponi mpaka uyasogeze motoni. Lakini jino likikosa haidrojeni mahali fulani, linapinda kiwiko. Kuni zenye viwiko hazipangiki hata uzipange na malaika. Zinaacha nafasi, zinateleza. Hayo ndiyo mafuta ya alizeti, yanamiminika hata kwenye baridi. Tofauti yote ya mgando na maji, ambayo akina mama mnaibishania sokoni, ni viwiko tu.

Hilo nimelifundisha kwa Kiingereza miaka thelathini na mitatu. Leo nimeambiwa niliseme kwa Kiswahili ili wazazi wasikie, nikakaa mezani wiki mbili nikitafuta maneno, na katika kutafuta huko nikagundua kitu kilichonitisha. Nitakifikia.

Kazi zake je? Mafuta ni akiba ya mwili: gramu yake moja inatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga wa sembe. Ni blanketi chini ya ngozi. Ni mto uliozungushiwa figo zisigongwe. Kila seli ya mwili, na mwili una seli zisizohesabika, imefunikwa utando uliotengenezwa kwa mafuta. Ubongo wenyewe, ukiondoa maji, zaidi ya nusu yake ni mafuta, kwa hiyo mtu akikutukana kwamba una mafuta kichwani, mshukuru. Tena mafuta ni gari. Kuna vitamini ambazo hazipandi maji hata ukizilazimisha. Zinasafiri ndani ya mafuta tu, na zisipoyapata zinapita tumboni na kutoka nje kama abiria aliyekosa nauli. Wahitimu, nitajieni hizo vitamini, wote kwa pamoja.

Asanteni. A, D, E na K. Mmejibu kama kwaya, na mgeni rasmi amefurahi. Mimi pia nilijua. Naomba mlishike hilo kwa sababu ndilo linalonichanganya mpaka leo, na nisipolisema hapa nitakwenda nalo kaburini: nilijua.

Sasa ni huu ukurasa wa tano.

Mwaka elfu mbili na mbili, mwishoni, Mzee Aniceti alipata kiharusi kidogo. Alikuwa mtu wa kula, ninyi mnaomfahamu mnajua. Kondoo akichinjwa Nangara, harufu inamfikia yeye kabla ya jirani. Alianguka uani, mkono wa kushoto ukalegea, tukampeleka hospitali, akapona, Mungu ni mwema. Daktari alipomruhusu alituambia presha iko juu, apunguze chumvi, apunguze mafuta, nyama yenye mafuta aiache. Alisema apunguze. Alimaanisha yeye, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye kilo tisini na tano.

Lakini mimi ni mwalimu. Mwalimu akipewa neno moja analifanya kanuni. Nilifika nyumbani nikachukua dumu la mafuta nikampa jirani. Samli nikagawa. Maziwa nikaanza kuyaengua, utando wote wa juu natoa. Mchicha, sukuma, kisamvu, vyote vikawa ni maji na sufuria. Watu wakija kula kwangu walikuwa wanatazamana. Nikawaambia hapa kwangu mafuta hayaingii, hii ni nyumba ya sayansi.

Kisha nikaenda dukani kwa Bi Zuwena. Wengi mnamjua, ndiye mwenye duka lile la kona kabla hujafika sokoni, anauza unga, dagaa, samli, na mafuta ya kupima. Nilikuwa mteja wake tangu mwanangu Edward hajaota meno. Yeye ananiita Mama Edward, mimi namwita Mama Luqmani, na tulizikana na kuozeshana kama ndugu. Siku ile alinichukulia kipimo cha mafuta kama kawaida, hata sijaomba. Nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba sitaki tena, na kwamba yeye anauzia mji huu ugonjwa kwa kipimo. Mmoja wa wateja akarudisha chupa yake. Bi Zuwena aliyarudisha mafuta dumuni polepole, akafuta kaunta.

Mwezi wa kwanza, elfu mbili na tatu, Edward na mke wake walituletea mtoto wao, Kandida, aishi nasi aanze darasa la kwanza, kwa kuwa wao wako Mererani na maisha ya kule machimboni wanayajua wenyewe. Alikuwa na miaka sita. Yale matone ya vitamini ya kliniki yalikuwa yamekwisha kumpita kwa umri. Mwenyewe yule pale, amekaa na babu yake. Simama kidogo, mama, wakuone. Basi, kaa.

Na hapa wageni wetu wa mbali naomba niwaeleze. Kwetu huku mjukuu hatengewi chakula pembeni kama mgeni. Mjukuu anakula na babu, sahani moja. Babu ndiye anayemmegea tonge, ndiye anayemsogezea kipande kizuri, na hapo ndipo mtoto anapofundishwa kunawa, kungoja, na kutopekua mboga. Nami nililelewa hivyo. Sikuwahi kuwaza kwamba sahani ya babu inaweza kuwa dawa ya babu. Nilipika chakula cha mgonjwa, nikakitenga mezani, nikawaambia nyote wawili kuleni.

Mzee akapungua. Kilo tisini na tano zikawa themanini na nane, zikawa themanini na tatu. Daktari akanisifu, akauliza kama ningeweza kuja kuwafundisha wagonjwa wengine. Nilitembea Babati nzima kichwa juu. Mtoto naye akapungua, na ngozi ya miguu ikaanza kupauka kama ana majivu, nikasema ni upepo wa kiangazi. Macho yalikuwa yanaonekana ya kawaida. Mchicha alikuwa anakula kila siku, papai anakula, nikasema mtoto huyu kwa vitamini hana mpinzani.

Ilipofika mwezi wa tano akaanza kujikwaa. Si mchana. Mchana anakimbia na wenzake vizuri. Jua likishazama tu, anagonga kigoda, anakanyaga sufuria, anakaa kimya ukutani. Nikimtuma kikombe anakivunja. Kikombe cha kwanza nilimkaripia. Cha pili nilimkaripia. Cha tatu nilimchapa. Ndiyo, walimu wenzangu, nilimchapa mtoto asiyeona, kwa kosa la kutoona. Alilia akasema, "Bibi, kulikuwa na giza." Taa ilikuwa inawaka.

Siku moja jioni nikamtuma kiberiti dukani kwa Bi Zuwena, maana mimi mwenyewe nilikuwa sikanyagi tena pale. Baadaye ndiyo nimesimuliwa: Bi Zuwena alimnyooshea kiberiti, mtoto akanyoosha mkono pembeni, akawa anapapasa hewa. Bi Zuwena akasogeza kiberiti upande mwingine, kumpima. Mtoto akapapasa kulekule kwa kwanza. Bi Zuwena akamshika mkono akamleta mpaka mlangoni petu, hakuingia, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alikuja. Kwanza alinisalimu, akauliza hali ya mzee, akauliza ya shule. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa kichupa cha mafuta ya alizeti, kimefungwa gazeti, akasema, "Mama Edward, mtoto huyu jioni haoni. Mboga zake zitie mafuta, na umpeleke hospitali leo, usingoje kesho."

Mungu anisamehe. Nilimtazama juu mpaka chini. Nikamwambia, "Mama Luqmani, mambo haya mimi nimeyasomea. Wewe umesomea kipimo." Na kichupa chake nikamrudishia mkononi.

Akakirudisha pindoni. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akaenda. Tangu siku ile hajaniita tena Mama Edward. Tukikutana msibani, ni mwalimu. Barabarani, shikamoo mwalimu, na mimi simzidi hata miaka mitatu.

Sasa sikilizeni lile lililonitisha nilipokuwa natafuta maneno ya Kiswahili. Jumamosi ya wiki ileile aliyokuja Bi Zuwena, nilikuwa nimekaa mezani nyumbani nasahihisha mtihani wa kidato cha tatu. Swali la sita nililitunga mimi mwenyewe. Nilitaka waeleze kwa nini mtu anayekula mboga za majani kila siku, lakini bila mafuta yoyote, anaweza kupungukiwa vitamini A, na wataje dalili ya kwanza. Alama nne. Watoto walijibu vizuri mwaka ule. Vitamini A huyeyuka katika mafuta, bila mafuta haifyonzwi vizuri utumboni mwili ukaitumia, dalili ya kwanza ni kutoona kwenye mwanga hafifu. Nilitia vema, vema, vema, karatasi arobaini na mbili, kwa kalamu nyekundu. Na Kandida alikuwa amekaa meza ileile, upande wa pili, na babu yake, wanakula mchicha wa kuchemsha.

Nawauliza, ndugu zangu, nanyi mnijibu kama mnaweza: mtu anawezaje kushika jibu kwa mkono mmoja na swali likakaa mbele ya macho yake, asiyakutanishe? Nimesali, nimewaza, nimemuuliza padri. Sijapata. Ninachoweza kusema ni kwamba zile vitamini nilikuwa nazifundisha kwa Kiingereza, na Kandida alikuwa anapikiwa kwa Kiswahili. Hao wawili hawakuwahi kuonana ndani ya kichwa changu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini mimi nilizidi, nilimfukuza hata aliyekuja kuniganga bure.

Mwezi wa nane ikaingia surua. Watoto wengi waliugua wakapona. Kandida homa ilishuka, vipele vikaisha, lakini macho yakawa hayafunguki, na la kushoto likaingia ukungu mweupe. Tulipofika hospitali daktari alimtazama kwa tochi muda mrefu. Akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu kwa kujiamini, mboga za majani kila siku. Akauliza zinapikwaje. Nikasema zinachemshwa. Akauliza kuhusu mafuta. Nikamwambia, daktari, kwetu hatutumii mafuta, mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Akaweka kalamu chini. Hapo ndipo na mimi nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Alipewa vitamini A siku ileile, na kesho yake tena, na wiki mbili baadaye. Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto lilibaki na kovu kwenye kioo chake, na kwa jicho hilo Kandida anaona mwanga, haoni mtu. Wale wanaosema majuto ni mjukuu, wanasema methali. Ya kwangu ina jina, iko darasa la nne, inakaa dawati la mbele.

Mzee Aniceti hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tuliporudi aliketi uani, akaniambia, "Mimi niliambiwa na daktari. Mtoto je, yeye aliambiwa na nani?" Hajalirudia mpaka leo.

Sasa mama yule wa kikao cha mwezi wa saba, kama upo hapa, nikujibu. Uliuliza tule au tusile, nasi wataalamu tukakucheka kwa kuwa hatukuwa na jibu. Na mimi mpaka sasa mambo haya yananichanganya, sikufichi. Mafuta yaleyale, chanuo lilelile lenye meno matatu, yalimwangusha mume wangu kwa kuzidi na kumpofusha mjukuu wangu kwa kukosekana, ndani ya nyumba moja, katika mwaka mmoja. Ni rafiki au ni adui? Sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nauliza swali bovu. Ningeuliza sahani hii ni ya nani, ningepata jibu mapema. Mzee mwenye presha, mpunguzie, na umpe zaidi yale ya viwiko. Mtoto anayekua, usimbanie; kijiko cha mafuta kwenye mboga yake ndicho kinachomfikishia mchicha machoni. Mila ya babu na mjukuu siivunji, wakae mkeka mmoja, wanawe bakuli moja. Sahani ndizo ziwe mbili.

Mgeni Rasmi, naona unatazama saa, na una haki. Nimebakiza jambo moja, nalo halimo kwenye karatasi yoyote, wala ya tano.

Kuna mtu nilisema mwanzoni kwamba nimemruka. Sikumsahau. Nilimruka makusudi, kwa sababu nilijua nikimtaja sitamaliza somo. Pilau mnayoisikia inanukia kutoka nyuma ya maabara tangu saa nne, shule ilimwajiri Bi Zuwena kuipika. Miaka mitatu sasa nanunua mafuta mtaa wa pili nisipite dukani kwake. Miaka mitatu yeye anawauliza majirani zangu, kila mwezi, jicho la Kandida linaendeleaje, na majirani wananiletea salamu hizo nami nazipokea kimya kama mwizi. Dada mkuu, nenda jikoni. Mwambie Bi Zuwena mwalimu anamwita hapa mbele. Akikataa, mwambie namwomba.

Mtanivumilia tukimngoja. Wahitimu, mkiwa mmekaa hapo, nisikilizeni. Nanyi mngelifaulu swali la sita, wote. Nendeni nyumbani leo mkatazame mdogo wenu anakula nini na anakula na nani. Hilo sitawasahihishia.

Anakuja. Njoo, Mama Luqmani, usiogope maikrofoni. Mikono yako ina mafuta, njoo hivyo hivyo.

Wazazi, walimu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huyu ndiye aliyemwona mjukuu wangu kabla yangu. Hakuwa na tochi wala cheti, alikuwa na kiberiti. Nilimtukana dukani kwake mbele za watu, kwa hiyo nisingeweza kumwomba radhi chumbani. Mama Luqmani, nilikosa. Nilikosa dukani, nikakosa mlangoni kwangu, na nimekosa miaka mitatu mizima ninapozunguka mtaa wa pili. Ungesikilizwa asubuhi ile, mtoto huyu angekuwa na macho yake mawili. Sikuombi usahau. Naomba unisamehe, kama unaweza.

Anasema nini? Ngojeni, hamumsikii, ameweka mkono kwenye maikrofoni. Anasema nifupishe, wali unashika chini.

Amesema, "Fupisha, Mama Edward."

Mama Edward. Mmesikia wenyewe. Basi, naomba kitambaa mtu anisaidie.

Mkuu wa Shule, ninakushukuru kwa kuikataa figo na kuikataa minyoo. Walimu wenzangu, nawashukuru kwa miaka yote. Msumari wangu wa koti nauacha, yeyote autumie. Na Mama Luqmani, kwa kuwa unarudi jikoni, nina oda moja. Pakua sahani mbili, uzilete pale mbele. Ya Mzee Aniceti, chukua wali wa juu, mkavu. Ya Kandida chota chini penye mafuta, na mkono wako usiubane.

Nimemaliza, ndugu zangu. Mmenipa masikio yenu kuliko nilivyostahili, nami nawashukuru sana. Twendeni tukale.